MKATE NA KALAMU: TUWASAIDIEJE WATOTO WA PALESTINA?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi, na wazazi wetu watukufu. Kila Ramadhani huwekwa mlangoni mwa madrasa yetu sanduku la sadaka kwa ajili ya ndugu zetu wa Palestina. Watoto hutia sarafu zao za matumizi, na wazazi hutia kadiri Mwenyezi Mungu alivyowajaalia. Safari hii, sanduku lilipofunguliwa, yalizuka mazungumzo marefu baina ya wazazi. Baadhi yao walisema fedha zote ziende kwenye unga, maji na dawa, kwani mtu mwenye njaa hana haja ya daftari. Wengine walisema fungu moja litengwe kwa ajili ya elimu. Kikao kiliahirishwa bila ya uamuzi, na sisi walimu tukaombwa tutoe rai yetu. Tumeonelea tuitoe katika jarida hili, ili kila mzazi aisome kwa nafasi yake pamoja na watoto wake, kabla ya kukutana tena.

Rai yetu ni hii: mkate na kalamu ni msaada mmoja. Anayempa mtu aliyefukuzwa kwake chakula peke yake amemwokoa leo, na hilo ni jambo kubwa mbele ya Allah. Lakini akimnyima elimu amemwacha awe mwenye kunyoosha mkono kesho, na keshokutwa, na watoto wake baada yake. Hatusemi haya kwa kuwa sisi ni walimu na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Tunasema kwa sababu sira ya Mtume wetu na historia ya Wapalestina wenyewe zinatuonesha hivyo.

TUANZE NA SIRA

Wanafunzi wa darasa la kwanza wanajua kuwa neno la kwanza la wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Wanafunzi wa madarasa ya juu wamesoma habari za watu wa Suffa, masahaba masikini waliokuwa wakiishi pembezoni mwa msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, hawana nyumba wala mali. Mtume aliwalisha kwa alichokipata, na papo hapo walikuwa wakisoma Qur'ani na kujifunza dini. Hakuwaambia wangoje mpaka washibe ndipo wasomeshwe. Abu Hurayra (R.A.) alikuwa mmoja wao, na njaa iliwahi kumwangusha chini. Yeye ndiye aliyepokea Hadithi nyingi zaidi kuliko sahaba mwingine yeyote.

Tena wanahistoria wa sira wanatusimulia juu ya mateka wa Badri. Wale waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikombolea walitakiwa wawafundishe watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Fikirini, ndugu zetu. Dola ile ilikuwa changa na masikini, na maadui wameizunguka. Ilihitaji fedha na silaha, na bado ikakubali kulipwa kwa elimu ya watoto!

MWALIMU HIND NA WATOTO 55

Sasa tuje Palestina kwenyewe. Tarehe 9 Aprili 1948 kijiji cha Deir Yassin, karibu na Quds, kilishambuliwa na makundi ya Kizayuni yenye silaha, na zaidi ya watu 100 wakauawa, wakiwemo wanawake na watoto. Baada ya siku chache bibi mmoja, Hind al-Husseini, aliyekuwa na umri wa miaka 31 hivi na aliyewahi kuwa mwalimu, aliwakuta watoto wa kijiji hicho wakiwa wameachwa ndani ya mji wa kale wa Quds. Walikuwa watoto 55. Akawachukua, akawatafutia pa kulala na cha kula, na baadaye akawahamishia katika jumba lililojengwa na babu yake.

Kama angeishia hapo, tungesema amefanya ihsani kubwa, na kweli ingekuwa ni ihsani. Lakini bibi huyu hakuishia kwenye sahani na godoro. Nyumba ile aliifanya kuwa kituo cha mayatima na shule kwa pamoja, akaiita Dar al-Tifl al-Arabi, yaani Nyumba ya Mtoto wa Kiarabu. Shule ikakua, ikapokea wasichana kutoka sehemu mbalimbali, na mwaka 1982 akaanzisha chuo cha wasichana ambacho baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha al-Quds. Alifariki dunia mwaka 1994, Allah amrehemu. Yeye alijua mapema kuwa yatima akishashiba ataamka kesho na kuuliza, "Nami nitakuwa nani?"

SHULE NDANI YA MAHEMA

Katika vita vya 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au kukimbia makwao. Wengi waliingia Lebanon, Syria, Jordan, Ukingo wa Magharibi na Gaza, wakiwa na funguo za nyumba zao mifukoni, wakidhani watarudi baada ya wiki mbili tatu. Tarehe 8 Desemba 1949 Umoja wa Mataifa uliunda shirika maalumu la kuwahudumia wakimbizi hao, UNRWA, nalo likaanza kazi mwezi Mei 1950. Kazi iliyotazamiwa ilikuwa kugawa unga, mafuta ya kupikia na mablanketi, na kuwatafutia watu ajira.

Lakini wazazi waliokuwa makambini walitaka pia shule. Madarasa ya mwanzo mengi yalikuwa ndani ya mahema, watoto wamekaa chini. Shirika la UNESCO likasaidia upande wa elimu tangu miaka hiyo ya mwanzo. Mwaka 1953 kikafunguliwa chuo cha ufundi cha Kalandia, karibu na Quds, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vikafunguliwa vyuo vya ualimu mjini Ramallah, cha wanaume na cha wanawake. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 idadi ya wasichana katika shule za UNRWA ilikaribia kulingana na ya wavulana. Wazazi wenye mabinti, tunawaomba mlisome tena jambo hilo: watu waliokuwa wakiishi katika vibanda vya kambi waliwapeleka binti zao shule sawa na watoto wa kiume.

Elimu ikawa ndiyo kazi kubwa kuliko zote za shirika hilo, na zaidi ya nusu ya bajeti yake ya kawaida ikawa inakwenda huko. Kabla ya Oktoba 2023 lilikuwa likiendesha shule zipatazo 700 zenye wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Shule nyingi za Gaza zilikuwa za zamu mbili: kundi moja linatoka adhuhuri, jingine linaingia na kukalia madawati yaleyale.

KALAMU ILILETA MKATE

Wako wanaouliza, elimu hiyo imewafaa nini na nchi bado hawana? Jibu liko wazi. Tangu miaka ya 1950 nchi za Ghuba zilipoanza kupata mafuta zilihitaji walimu, wahandisi, madaktari na makarani. Vijana wa Kipalestina walikwenda Kuwait, Saudi Arabia na kwengineko na vyeti vyao, wakafanya kazi, na mishahara yao ikawalisha wazee na wadogo zao waliobaki makambini. Kwa hiyo kalamu ndiyo iliyoleta mkate. Kabla ya vita vya Ghuba vya 1990 na 1991 Wapalestina waliokuwa wakiishi Kuwait peke yake walikaribia 400,000. Wengi wao walilazimika kuondoka baada ya vita hivyo, wakaacha nyumba na akiba zao. Lakini elimu waliondoka nayo vichwani, wakaanza upya katika nchi nyingine.

Na matunda yake yanaonekana mpaka katika hesabu. Kabla ya vita vya 2023, katika kila Wapalestina 100 wa Ukingo wa Magharibi na Gaza wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 97 walijua kusoma na kuandika. Hawa ni watu walio chini ya ukaliaji wa kijeshi tangu 1967. Je, sisi tunaolala kwa amani kila usiku tuna udhuru gani?

SHULE ZILIPOFUNGWA

Mwezi Desemba 1987 ulianza mwamko mkubwa unaojulikana kama Intifada ya kwanza. Mwaka uliofuata jeshi la Israel lilitoa amri ya kufunga shule za Ukingo wa Magharibi, na zikafungwa kwa miezi mingi. Chuo Kikuu cha Birzeit kilifungwa kuanzia Januari 1988 mpaka Aprili 1992, yaani zaidi ya miaka minne. Walimu na wazazi hawakukaa wakilia. Waliunda kamati za mitaa, wakasomesha watoto majumbani, misikitini na makanisani. Mwezi Agosti 1988 kamati hizo nazo zikapigwa marufuku, masomo yakaendelea kwa siri. Wahadhiri wa Birzeit wakawa wanafundisha kwenye sebule za watu.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui. Birzeit kilianza mwaka 1924 kama shule ndogo, na aliyeianzisha ni mwanamke Mkristo wa Kipalestina aitwaye Nabiha Nasir. Palestina si ya Waislamu peke yao. Mwezi Oktoba 2023 Kanisa la Saint Porphyrius mjini Gaza lilipigwa, na Wakristo waliokuwa wamejihifadhi humo wakauawa. Kwa hiyo tunapowaombea dua wanaodhulumiwa Palestina, tuwaombee wote.

GAZA TANGU 2023

Gaza ni ardhi ndogo. Ina kilomita za mraba 365 tu, haifiki robo ya kisiwa cha Unguja, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni mbili. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliishambulia Israel, watu wapatao 1,200 wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Vita ambavyo Israel ilivianzisha Gaza baada ya hapo vimeua zaidi ya watu 70,000 kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mwezi Agosti 2025 wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula walitangaza rasmi kuwa kuna njaa kuu katika mji wa Gaza na maeneo yanayouzunguka. Kwa hiyo wazazi waliosema unga kwanza hawakukosea. Wamesema kweli.

Lakini tazameni na upande wa pili. Wanafunzi zaidi ya 600,000 walikosa shule. Majengo ya shule yakawa makazi ya waliokimbia, na mengi yakabomolewa kwa mabomu. Vyuo vikuu vyote vya Gaza vilibomolewa au kuharibiwa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1978. Mwaka 2024 vijana wapatao 39,000 walishindwa kufanya mtihani wa tawjihi, ambao ndio mtihani wa kumaliza sekondari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihoji kama kuangamizwa huku kwa elimu hakukuwa kwa makusudi.

Na watu wenyewe walifanya nini? Walimu walianza kusomesha ndani ya mahema. Mwaka 2025 vijana wa Gaza walifanya mtihani wa tawjihi kwa njia ya mtandao, wakitafuta umeme na intaneti kwa shida. Mapigano yaliposimamishwa mwezi Oktoba 2025, maelfu ya watoto walianza kurudi kwenye madarasa ya muda. Tukisema kwamba mwenye njaa hana haja ya daftari, tutakuwa tunawasemea watu ambao wameshajisemea wenyewe.

HOJA TATU ZA KUJIBIWA

Hoja ya kwanza: "Maisha kwanza, shule baadaye." Tunakubali kuwa maisha ni kwanza, na ndiyo maana fungu kubwa tunalitaka liende kwenye chakula na matibabu. Lakini hiyo "baadaye" itafika lini? Mtoto aliyekuwa na miaka sita vita vilipoanza hatakuwa na miaka sita tena. Tena unga una watoaji wengi kuliko madaftari. Watu wakiona picha ya mtoto mwenye njaa hutoa, na wakiona picha ya mtoto asiye na mwalimu hupita. Mwaka 2018 Marekani ilipositisha mchango wake kwa UNRWA, shirika hilo lilifungua shule likiwa na fedha za kufikia mwisho wa Septemba tu. Mwezi Oktoba 2024 Bunge la Israel likapitisha sheria za kulizuia, na Mei 2025 shule zake sita za Quds Mashariki zikafungwa. Haki ya mtoto ya kusoma huondoka kimyakimya, haina kelele za bomu.

Hoja ya pili: "Tunao mayatima wetu hapa." Hii ni hoja ya haki, na mwenye kuisema asibezwe. Jirani ana haki yake, na jamaa wa karibu ana haki zaidi. Lakini tumeona kwa macho yetu kuwa wanaotia kwenye sanduku la Palestina ndio haohao wanaowanunulia sare mayatima wa mtaa huu. Asiyetoa kule mara nyingi hatoi na hapa. Kwa hiyo lisiondolewe sanduku moja, bali yawepo mawili.

Hoja ya tatu: "Fedha zitafika kweli?" Hii ndiyo hoja inayotutia hofu zaidi, kwani sadaka ya watoto ni amana shingoni mwetu siku ya Kiyama. Picha ya mtoto anayelia kwenye simu si ushahidi wa chochote. Tusimpe mtu fedha kwa sababu ana sauti ya huzuni au amevaa kilemba. Tutoe kwa taasisi iliyosajiliwa kisheria, inayotoa stakabadhi, na inayoeleza mwisho wa mwaka ilichofanya. Na sisi wenyewe tuanze: hesabu ya sanduku ihesabiwe mbele ya wazazi, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na stakabadhi ibandikwe ubavuni mwake.

NANYI WANAFUNZI WETU

Wapenzi wanafunzi, msidhani haya ni mambo ya wenye fedha tu. Yapo mambo matatu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuyafanya.

Kwanza, jueni mnachokisema. Wako wanaoimba jina la Palestina kwenye maandamano na hawawezi kuionesha kwenye ramani. Someni historia yake, mjue miaka ya 1948 na 1967, mjue Quds iko wapi na Gaza iko wapi. Mwenye elimu huitetea haki kwa hoja, na asiye na elimu huishia kwenye matusi.

Pili, msiichukie dhulma kwa kudhulumu. Ugomvi wa Palestina ni wa ardhi na haki, si wa kuwachukia watu kwa sababu ya asili yao au dini yao. Ndani ya Israel kwenyewe kuna chama cha madaktari wanaotetea haki za binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1988, ambacho kimekuwa kikiwapeleka madaktari, Wayahudi na Waarabu pamoja, kuwatibu bure Wapalestina vijijini. Uislamu umetuamrisha tufanye uadilifu hata kwa tusiowapenda.

Tatu, someni. Mwaka 2016 mwalimu wa Kipalestina Hanan al-Hroub, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi karibu na Bethlehem, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani. Watoto wake waliwahi kupatwa na mshituko baada ya kushuhudia ufyatuaji wa risasi, na hapo akajifunza namna ya kuwasomesha watoto walioona vita kwa michezo na upole, bila ya fimbo wala ukali. Hao ndio wenzenu na walimu wao. Mtoto anayetoroka chuo ili akacheze mpira, kisha jioni akatia sarafu sandukuni, ametoa sadaka na Allah aikubali, lakini bado hajajifunza lolote kwa wale aliowasaidia.

PENDEKEZO LETU

Tunapendekeza kwa kikao kijacho mambo haya. Zaka ya fitri isiingizwe katika mjadala huu, kwani hiyo ina wakati wake na hukumu zake. Zaka ya mali nayo ibaki kwa wanaostahiki, na mwenye shaka awaulize masheikh wetu. Ama sadaka ya sanduku, katika kila shilingi 1,000, shilingi 700 ziende kwenye chakula, maji na matibabu, na shilingi 300 ziende kwenye madaftari, vitabu na posho za walimu. Na mara tu Ramadhani ikiisha, sanduku la pili liwekwe kwa ajili ya mayatima wa mtaa wetu, nalo ligawiwe kwa kipimo hichohicho.

Mzazi mwenye rai bora kuliko hii na aje nayo, tutamsikiliza na tutamshukuru. Jambo tusilolitaka ni kukaa tukibishana mpaka Ramadhani nyingine iingie na fedha za watoto zingali ndani ya kabati la ofisi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape ndugu zetu wa Palestina amani na haki zao, awaponye majeruhi, awarehemu waliokufa, awahifadhi walimu wanaosomesha ndani ya mahema, na azikubali sadaka zetu ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.